Mizinga Yangu Arobaini

Jumapili, 3 Septemba 2006
Kikao cha familia kwa binamu yangu Waithaka, Lavington. Askari wa geti kaniandika kwenye daftari kama fundi wa mfereji. Sikubishana. Nimechoka kubishana na mageti.

Ajenda: mpwa wetu Mbugua anapeleka mahari, nani atakuwa msemaji mbele ya wakwe? Wote wakamtazama Waithaka. Mimi hutazamwa kufuli ikikwama tu. Miaka ishirini na miwili nakata funguo Ngara, na sijawahi kuongea mbele ya wakwe wa mtu. Nikasema wazee wa kule ukweni hawafungui mdomo bila asali, na asali ya kweli iko kwenye mizinga yangu arobaini, Kibwezi. Waithaka akauliza tangu lini. Tangu hujajua kufunga tai, nikamjibu. Mbugua akafurahi: basi mjomba mwenye asali ndiye ataongea.

Waithaka akasema vizuri sana, Jumamosi twende tuione.

Sasa natafuta mizinga.

Jumatano, 6 Septemba
Imepatikana. Kuna Mutiso, huleta asali sokoni hapa Ngara. Anafuga nyuki Kibwezi na mama yake, mke wake na dada zake. Nimemwambia kesho nakuja kununua.

Alhamisi, 7 Septemba
Basi, vumbi, mgongo. Lakini shamba ni shamba. Mizinga ya magogo inaning'inia kwenye migunga, Mutiso anapuliza moshi, wanawake wanachuja. Mama yake, Mama Kalekye, anaonja kila debe kabla halijafungwa. Nikamweleza vile mwaka wa sabini na tisa nilivuna Aberdare bila moshi, nikiimba tu, na nyuki wakanisindikiza hadi barabarani. Akasema, "Aa."

Nikamwambia Mutiso Jumamosi naleta wateja wakubwa, asiongee sana.

Walipoingia kupika chai nikaona mizinga mitatu chini, inangoja kupandishwa. Patasi sikosi mfukoni. Mizinga hiyo ilikuwa na mikwaruzo, mistari miwili na duara, kazi ya watoto nadhani. Nikaichonga yote ikatoka, nikaandika G.K. Gerishon Kamande. Herufi zimekaa kama za benki.

Jumamosi, 9 Septemba
Sina nguvu ya kuandika lakini wacha niandike.

Tulifika saa tano, mimi, Waithaka na Mbugua, kwa gari la Waithaka. Mizinga yangu mitatu bado iko chini. Mama Kalekye ameketi kando yake kwenye kigoda, na wazee wanne wa jirani. Nikadhani ni heshima yetu.

Nikawaonyesha: hiyo G.K. ni mimi. Mama Kalekye akauliza kwa upole, mwanangu, hizi herufi ni zako? Ni zangu. Akauliza tena, wazee wasikie. Nikasema tangu nibatizwe. Akauliza mara ya tatu. Nikapaza sauti, Waithaka asikie vizuri.

Akawageukia wazee: mmesikia.

Kumbe ile mistari na duara ni alama ya ukoo wao. Huku ukifuta alama ya mzinga ukaweka yako, wewe ni mwizi wa nyuki. Yule mama ameketi hapo tangu jana akingoja mwenye herufi ajitaje. Mutiso akasema mzee, uliniambia nisiongee sana, ndio nimenyamaza.

Faini ni mbuzi, na mwizi wa mzinga hauziwi asali. Waithaka akavua kofia, akaomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima, polepole, na methali mbili ndani. Wazee wakalainika. Mama Kalekye akamuuzia asali yeye. Mbuzi pia akamnunua yeye. Mimi nilimshika miguu akichinjwa. Mwenye kosa haonji nyama.

Njiani Waithaka akaniuliza kama mizinga yangu mingine thelathini na saba iko salama. Mbugua aliangalia dirishani hadi Nairobi. Tulipofika akasema, mjomba, Uncle Waithaka ataongea.

Jumamosi, 16 Septemba
Mahari imepelekwa. Waithaka aliongea vizuri, sikatai. Mimi niliwekwa nyuma, karibu na masufuria, na babu mmoja wa upande wa bibi harusi. Mtu mpole. Akasema anapenda samaki lakini hapati wa kuaminika. Alionekana mpweke. Nikamwambia kuhusu mabwawa yangu sita kule Sagana. Anakuja kuyaona Jumanne.

Samaki hawana alama ya ukoo. Nimeuliza.