Rambirambi za Bibi Eulogia

Jumatatu, 28 Julai

Ijumaa muda wangu wa majaribio unakwisha. Bi Zunilda, bosi wetu, ameniita na kunipasulia: programu ya La Serena ikitoka salama, nabaki Asunción. Ikiharibika, nifungashe. Kufungasha maana yake ni kurudi mkoani Caaguazú, kwa Mjomba Sindulfo, kwenye banda la kuku. Kuna jogoo pale anaitwa Jenerali. Ananijua. Namjua. Sirudi!

Halafu mama ameshatangaza kanisani kwamba mimi ni mkuu wa idara. Ni mimi niliyemwambia. Ilikuwa Siku ya Mama na sikuwa na zawadi.

La Serena ni kampuni ya mazishi. Watu hujiandikisha wakiwa wazima, wakifa wanazikwa vizuri. Kazi ya programu yangu ni ndogo: kila asubuhi itazame nani alizaliwa tarehe ya leo. Kama yu hai, imtumie heri ya kuzaliwa. Kama ni marehemu, iitumie familia yake maneno ya faraja. Basi! Lakini yangu haitumi chochote. Naiwasha, inanyamaza, inajizima. Afadhali ingenitukana, ningejua pa kuanzia.

Osmar, anayekaa mbele yangu, angeliona kosa huku anamimina tereré, chai yetu ya baridi tunayopokezana kwa pembe moja. Ndiyo maana simwulizi. Hapa ofisini ukikwama kuna njia mbili. Umwulize Osmar, au umchukue bata wa plastiki aliye dirishani umweleze programu yako mstari kwa mstari, kwa sauti, watu wote wakisikia, mpaka kosa lijitokeze lenyewe. Mwezi uliopita nilimwuliza Osmar. Kumbe kitu kimoja nilikiita kwa herufi kubwa juu na kwa herufi ndogo chini. Akacheka akashika ukuta. Eti, "Kaka, shule ulisomea wapi, kwa muuza mikate ya chipa?" Wiki nzima pembe ya tereré ikinifikia wananiuliza, nimiminiwe kwa herufi kubwa au ndogo?

Afadhali Jenerali. Hapana, si afadhali. Nitatafuta njia ya tatu.

Jumanne, 29 Julai

Nimeipata njia ya tatu! Nimejiandikisha kwenye jukwaa la waandishi wa programu, kule mtandaoni wanakosaidiana. Jina nimejiita Daktari Silvero, wasije wakanidharau. Nikaweka programu yangu yote na kuuliza, kwa heshima ya kidaktari, kwa nini haitumi kitu.

Mmoja akajibu kwamba swali hili limeshaulizwa. Mwingine akaniambia nisome maelekezo. Wa tatu akaniuliza udaktari wangu ni wa nini, wa mifugo? Baada yao hakuja mwingine. Saa nzima nimetazama kioo.

Ndipo nikakumbuka tabia ya watu wa kazi yetu. Mtengeneza programu hainuki kumsaidia mtu aliyekwama, ila kumsahihisha aliyekosea atakimbia hata bila viatu. Nikafungua akaunti ya pili, nikajiita Mtaalamu Wenu, nikamjibu Daktari Silvero upuuzi mtupu, tena kwa majivuno. Loo! Walimiminika kama nzige. Walimtukana Mtaalamu Wenu, wakamtukana na aliyemfundisha, na katikati ya matusi jibu likaja. Raha iliyoje kutukanwa kwa faida!

Aliyejibu vizuri anajiita Kobe. Ana adabu, haraka hana. Hapo juu kaeleza kwa nini programu yangu ilikuwa inajizima, nikanakili palepale. Katikati kuna aya ndefu kuhusu alama ya "siyo" ambayo eti nimeisahau. Hiyo nitaisoma kesho. Mwishoni ameandika: "Halafu ndugu daktari, litoe hapo jina la huyo bibi uliyemtumia kwa mfano. Na siku nyingine uliza watu ulio nao karibu. Mficha uchi hazai."

Jina la bibi! Kwenye mfano nilikuwa nimeweka Bibi Eulogia, mama mzazi wa Bi Zunilda, kwa sababu ndiye mteja wa kwanza kuandikishwa. Nimejaribu kufuta. Jukwaa linakataa, eti swali lililojibiwa halifutwi. Nani mwingine ameliona? Nikamtazama Osmar. Alikuwa anatafuna kalamu na kuniangalia. Ana macho mabaya yule.

Mchana tulikula nyoki, vile vidonge vya viazi, maana leo ni tarehe ishirini na tisa na huliwa kila tarehe hiyo ili kuleta bahati. Sahani yangu niliirudisha ilivyo.

Jumatano, 30 Julai

Inatuma! Inatuma! Nimebusu kioo cha kompyuta.

Nikataka kuijaribu kwa mtu hai. Nikajiandikisha mwenyewe, nikajidai nimezaliwa leo, nikaweka namba yangu pande zote mbili, ya mteja na ya familia. Simu ikalia. Nikaifungua nikitabasamu. Iliandikwa: "La Serena inaungana nanyi katika kumkumbuka mpendwa wenu Derlis Benegas. Apumzike kwa amani."

Nikakaa sakafuni. Kwanza nilidhani Osmar kanichezea, lakini Osmar alikuwa kwa daktari wa meno. Nikaijaribu tena. Nikafa tena.

Kesho kutwa ni Agosti. Kila mtu anajua Agosti inavyokuja kutafuta watu. Ng'ombe waliokonda hawauoni mwisho wake, na binadamu vilevile. Je, kama mashine imejua kitu? Ina orodha ya wafu, inakaa nao kutwa kucha.

Au ni Yule Mfupi, kibwengo wa usiku. Jina lake silitaji, huwa anasikia. Bibi yangu alikuwa akimwekea tumbaku na asali nyuma ya nyumba ili asimfungulie kuku. Watu walipoondoka jioni nikaweka tumbaku na kisosi cha asali nyuma ya kompyuta kuu. Nikaomba radhi kwa lolote nililomkosea.

Aya ya Kobe bado sijaisoma. Kwa hali hii nani ana kichwa cha kusoma?

Alhamisi, 31 Julai

Sisimizi. Wameingia kwenye kompyuta kuu kwa safu, kama waumini wanaokwenda kuhiji Caacupé. Bi Zunilda aliona tumbaku, akamwita Osmar, kwa kuwa Osmar ndiye anayevuta. Osmar akaapa si yake. Nikasikitika naye, nikamwambia Bi Zunilda kwamba kijana bado anajifunza. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi.

Kisha Bi Zunilda akanigeukia. Programu iko tayari? Nikasema tayari kabisa. Kuna mwenzangu ameipitia? Mdomo ukajisemea wenyewe: imepitiwa na Daktari Silvero, bingwa kutoka mji wa Encarnación. Osmar akapaliwa na tereré. Bi Zunilda akasema vizuri sana, siku moja angependa kumfahamu huyo daktari.

Basi hofu ikazidi, nikakubali bata. Lakini si mbele ya watu! Nikamficha ndani ya shati, nikajifungia naye chooni, na programu kwenye simu. Nikamweleza kwa kunong'ona, mstari kwa mstari. Lazima niseme ukweli, bata yule ana kitu. Akili ilianza kufunguka. Nikafika pale penyewe, nikamwambia, "Sasa tazama, hapa mashine inauliza, je, huyu mtu ni mare..."

Ngo ngo ngo! Osmar, nje. "Derlis! Unaongea na nani humo, kaka?"

Bata akaniponyoka, akatumbukia. Si ndani ya sinki. Wazo likatoroka, sikuliona tena. Nimemsafisha na kumrudisha dirishani. Sijamwambia mtu. Osmar amempapasa kichwa mara mbili leo.

Ijumaa, 1 Agosti

Bado niko hai. Naandika niliyoyaona.

Asubuhi Bi Zunilda alileta karrulim, tuinywe kabla hatujala chochote ili Agosti itupite. Pombe kali ya miwa, jani chungu, limau. Mafunda matatu kila mtu, ndiyo desturi. Nilivyokuwa naogopa nikanywa yangu, na Osmar alipogeuka nikanywa na yake. Akose kinga yeye, mimi niwe na kinga mbili. Bila kifungua kinywa. Sakafu ikaanza kucheza polka.

Osmar akasema taratibu kwamba programu mpya haiachiwi Ijumaa, kila mtu wa kazi hii anajua hilo, tungoje Jumatatu tuipitie pamoja. Pamoja! Mbinu ya kuninyang'anya sifa. Nikamwambia akaogope kwao. Nikabonyeza.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mjane mmoja wa mji wa Luque. Simu ya marehemu mumewe imepata ujumbe: "Heri ya kuzaliwa, Don Anastacio! Tunakutakia miaka mingi yenye afya." Mjane hakulia. Alitaka kujua kama ana afya njema namna hiyo, yuko na nani huko, na kwa nini hajarudi nyumbani.

Kisha tukasikia ukelele wa Bi Zunilda. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. "La Serena inaungana nanyi katika kumkumbuka mpendwa wenu Eulogia..." Mama yake! Alikuwa anatimiza miaka themanini leo hii, tarehe mosi Agosti, tarehe ambayo kila mzee nchini huamka na kujishika mapigo ya moyo. Bi Zunilda akapiga simu nyumbani, haikupokewa. Akaanza kulia kwa sauti. Ujumbe ulikuwa umefika kwa watoto wote, na hao wakapeleka kwa binamu wa San Pedro, na binamu wakawa tayari barabarani.

Mimi nilikuwa chini ya meza. Sijui nilifikaje. Niliona miguu ya watu ikikimbia, nikaona banda la kuku, nikamwona Jenerali akininolea mdomo. Safari hii hofu haikuwa ya kazi tu. Kama bibi wa watu kazimia kwa kusoma kifo chake mwenyewe, je? Nikaomba Mungu. Nikamwomba na Yule Mfupi.

Osmar akakaa kwenye kiti changu bila kuulizwa. Nikasikia vidole vyake, tak tak. Kisha akainama chini ya meza, akaniambia bila kucheka, "Derlis, mashine inauliza kama mtu amekufa. Ulitakiwa kuuliza kama hajafa. Ni alama moja tu ya siyo. Mficha uchi hazai, kaka."

Mficha uchi hazai! Maneno yaleyale ya Kobe! Nikaelewa papo hapo. Osmar anamsoma Kobe kwa siri na kumwibia hekima yake. Mwizi wa kutupwa!

Ghafla mlango ukafunguliwa, watu wote wakapiga yowe, na mimi nikajigonga kichwa kwenye meza. Bibi Eulogia! Mwenyewe, na shada la maua mkononi, lenye utepe wa jina lake. Simu hakupokea kwa sababu alikuwa mlangoni kwake akipokea waombolezaji. Akauliza nani kamzika. Vidole vyote vikaelekea chini ya meza. Nikatoka kwa magoti, machozi yananitoka, ya kweli.

Akanishika kidevu. Akasema amekaa nyuma ya pazia lake asubuhi nzima, amewaona wanaomlilia na amewasikia wanaogawana nyumba. Mpwa wake Fidencio alikuwa ameshapima sebule. "Mjukuu wangu," akaniambia, "miaka themanini sijapewa zawadi kama hii." Kisha akamgeukia binti yake na kusema kijana huyu asifukuzwe, amemfungua macho.

Bi Zunilda akafuta uso. Uamuzi wake: sifukuzwi, wala siajiriwi. Najaribiwa tena mwezi mzima wa Agosti, na kila asubuhi nitamweleza bata programu yangu mbele ya wote. Kisha akataka namba ya Daktari Silvero, amseme.

Nikasema Daktari Silvero amefariki leo asubuhi. Agosti.

Osmar akavua kofia, akaomba tusimame dakika moja kwa ajili ya marehemu. Ofisi nzima ikasimama, vichwa chini, mabega yanatikisika. Sikujua kwamba walimpenda hivyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemweleza bata kwa sauti, watu wanasikiliza wakinywa tereré. Bata ananuka kidogo. Aibu imenipita mpaka kwenye kisigino. Osmar amenishauri kitu kimoja tu: nikipewa jibu nilisome mpaka mwisho. Anadhani mimi mtoto.

Bado naogopa. Mwezi mzima! Na kila nikiinua macho, Osmar yuko pale, anajua mambo ambayo hakuambiwa. Maadamu yupo, siku zangu hapa zinahesabika. Ama yeye, ama mimi na Jenerali.

Ila sasa siko peke yangu. Nimefungua akaunti ya tatu, nimejiita Profesa Silvero, kaka wa marehemu, na nimemwandikia Kobe faraghani. Nimemweleza yote: jinsi Osmar anavyomwibia maneno, na jinsi ninavyotaka kumwondoa hapa kabla ya Agosti kwisha. Nimemwomba ushauri.

Kobe amejibu upesi ajabu. Barua ndefu, ya upole. Nimesoma mwanzo na mwisho, katikati nitasoma kesho. Mwishoni ananiomba nimwandikie mpango mzima, nisiache hata kipengele kimoja, na kila hatua nimwarifu kabla sijaichukua. Machozi yamenilengalenga. Hatimaye nimepata mtu wa kumwamini.

Nimemtumia mpango wote. Mbele yangu Osmar anacheka peke yake na kompyuta yake mpaka tereré inamtoka puani. Hakunywa karrulim, maskini. Agosti imeshaanza kumchukua.