Tewa FC Haitashuka Daraja

(Hotuba ya Mheshimiwa Pola Mwaringa, mkodishaji wa masufuria na mahema ya harusi, aliyeinunua timu ya Tewa FC ya mtaa wa Barani mwezi wa pili. Aliitoa mbele ya mashabiki siku mbili kabla ya mechi ya mwisho.)

Mheshimiwa mwakilishi wa Chifu, uliyetuletea salamu za mwakilishi mwenzako. Mashekhe na wachungaji. Wazee wa mtaa. Akina mama wa mbele, wa kati na hata wale wa nyuma. Wachezaji wa sasa, wa zamani na wenye magoti mabovu. Wadau wote kwa ngazi zenu. Nawe Bi Zakiya, uliyeishabikia timu hii miaka ishirini na miwili na ambaye nimeonywa nisikusahau: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Wachache: Hatujambo.) Itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa.

Nilipoichukua timu hii niliwaahidi jambo moja tu, kwamba chini ya uongozi wangu Tewa FC haitashuka daraja, na leo nasimama hapa, kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuthibitisha kwamba ahadi hiyo iko palepale, asilimia mia moja na nne. (Makofi. Bi Zakiya: "Tumefungwa mechi tisa, mwanangu!") Tisa, Bi Zakiya, ni takwimu, na takwimu, kwa mujibu wa strategic plan yetu, husomwa na wataalamu.

Nakuja kwenye suala la kocha. Kuna minong'ono kwamba Mwalimu Kazungu, aliyeifundisha timu hii miaka minane, na kila mwaka akipanda baiskeli kupeleka vikaratasi vyake kwenye ofisi ya ligi, aliachishwa bila sababu. Si kweli! Nilimuuliza pilau ya watu mia tatu yataka mchele kilo ngapi, akasema hajui. Asiyeweza kulisha watu ataongozaje watu? Ndipo, baada ya mchakato wa kina na wa uwazi uliofanyika jikoni kwangu, tukamteua mpwa wangu Kahindi, mpishi wangu mkuu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hajaunguza sufuria hata moja. ("Timu ndiyo ameiunguza!" Kicheko.)

Kocha Kahindi ametuletea mfumo wa kisasa uitwao Sinia. Wachezaji wamegawanywa wanne wanne, kama waungwana wanavyokaa kula: sinia la nyuma, la kati na la mbele. Wanne mara tatu ni kumi na wawili, na tayari tumeandika barua ya kuomba huyo mmoja aongezwe. Na kwa kuwa mtoto aliyelelewa vizuri hanyooshi mkono kwenye sinia la wenzake, beki hatoki kwake kwenda kusaidia kati, wala kiungo hagusi mpira ulio mbele. ("Ndiyo maana wale wa Gongoni walitutia saba!") Saba, ndiyo, lakini kwa adabu! Tena wazee huandaliwa kwanza, kwa hiyo mshambuliaji wetu ni Mzee Gerishom, mwenye miaka hamsini na sita.

(Musab wa duka la simu: "Mheshimiwa, mbona Tewa haimo kwenye msimamo wa ligi? Nimetafuta juu hadi chini.") Swali zuri, kijana wangu. Liko kwenye roadmap. Kwanza niwaeleze uwanja wetu mpya wa viti elfu kumi na mbili...

(Bi Zakiya anasimama. "Pola mwanangu, viti tuviwache. Mimi nina skafu moja na timu moja. Jumapili tukifungwa twashuka, na mimi sina umri wa kungoja tupande tena. Mrudishe Kazungu, hata kwa siku hiyo moja. Nakuomba." Makofi marefu.)

Mama, maoni yako nimeyapokea, lakini usiiogope Jumapili, na hapa namjibu Musab pia. Mimi ni mtu wa karamu. Mtu wa heshima hajipeleki kwenye shughuli ya watu bila kualikwa. Akijipeleka aitwa mdoezi. Basi nilikaa nikingoja kadi ya ofisi ya ligi. Sikuletewa. Kumbe timu hujiandikisha zenyewe, kwa fomu, na muda ulikwisha mwezi wa tatu! Zile mechi tisa zilikuwa za kirafiki, na nazishukuru timu zote zilizokuja kujinoa kwetu. ("Na Jumapili?") Jumapili wapinzani wetu wana mechi yao ya ligi huko Kilifi. Tunawatakia heri. Lakini niambieni: asiyekuwa ngazini ataangukaje? Ahadi imetimia!

Tewa! Tewa juu! (Sauti kutoka nyuma: "Juu ya nini?") Tewa mbele daima!

Nawashukuru kwa kuwa mashabiki waaminifu wa timu ambayo, kwa mujibu wa ofisi ya ligi, haipo. Pilau iko tayari, kaeni wanne wanne... Jamani, mwaelekea wapi? Huko ni kwa Kazungu, pilau iko huku! Bi Zakiya! Kazungu mwenyewe hajawaalika!

(Bi Zakiya, akikaza skafu yake, bila kugeuka: "Kwa Kazungu twaingia bila kadi.")