Turudishieni Mwekezaji wa Linyoha

Kitongoji cha Linyoha,
Njia ya Peramiho,
Songea.
9 Oktoba

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji,
Indonesia.

Ndugu Mwenyekiti mwenzangu,

YAH: KUTUPORA MWEKEZAJI

Habari za huko. Za huku ni nzuri, isipokuwa hizi ninazokuandikia. Naitwa Pankrasi Luoga, mwenyekiti wa kitongoji cha Linyoha kwa mwaka wa kumi na moja sasa, saba kwa kuchaguliwa na minne kwa kukosekana mwingine anayetaka. Jina la kitongoji chako ameliandika mpwa wangu Leonce juu ya bahasha. Mimi sitalirudia humu ndani, maana nililijaribu mezani mara tatu na mke wangu akaniuliza kama nimepaliwa.

Mimi si mtu wa ugomvi. Lakini Leonce ana simu kubwa, na mwezi uliopita alinionyesha ukurasa wa mtandaoni unaohusu kitongoji chako, wenye kichwa cha habari Maisha na Fursa za Uwekezaji. Simu iliutafsiri kwa Kiswahili chake yenyewe. Niliusoma wote, nikakosa usingizi, na kesho yake nikaenda kuusoma tena.

Ili uelewe uzito wa jambo, sisi hatuna mashine ya kusaga. Mke wangu Ekaristia kila Jumamosi hujitwika debe la mahindi, akatembea saa mbili hadi mashine iliyoko barabara kuu, akasubiri zamu, kisha akatembea saa mbili nyingine kurudi na unga. Baada ya Pasaka aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo naiogopa kuliko ile ya juu, kwamba Krismasi ikifika na hali ni hii hii, atahamia kwa binti yetu Violet kule Majengo, ambako mashine iko ng'ambo ya barabara. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na mmoja, Mwenyekiti. Sijui hata chumvi inakaa wapi.

Tangu siku hiyo natafuta mwekezaji wa mashine. Kila Jumamosi napanda baiskeli ya kitongoji kwenda Peramiho, ambako mtandao unashika vizuri, kuangalia kama kuna mtu amejibu tangazo letu. Njiani humpita Ekaristia na mzigo wake. Humpigia kengele na kumpungia mkono, ili ajue kuwa jambo lake linashughulikiwa.

Sasa sikiliza malalamiko yetu, ambayo nimeyapanga kwa utaratibu.

1. Mmeandika maisha yetu mkayaita yenu. Ukurasa wenu unasema mna nyumba themanini na tatu, mto mmoja, migomba, utulivu, na wakazi wakarimu. Sisi tuna nyumba themanini na nne, ukihesabu ya marehemu Daudi ambayo haina paa. Mto tunao. Migomba tunayo. Utulivu tunao mwingi hadi unatuchosha. Kuhusu ukarimu, niliitisha mkutano wa kitongoji kuujadili na ukavunjika kwa kelele, kila mtu akidai yeye ndiye mkarimu zaidi. Katika mambo yote hayo kilicho chenu peke yenu ni nyati, ambaye nimemwona kwenye picha akiwa amelala kwenye matope, na chini yake pameandikwa nguvukazi. Huku kwetu akilala hivyo haitwi nguvukazi. Tunaye Sixbert, katibu wangu, na hajawahi kupigwa picha.

2. Mmeandika kuwa kuku wa kienyeji ni fursa ya uwekezaji. Mimi nimefuga kuku tangu nikiwa na miaka sita na siku zote nilijua ni kuku. Kama mlikuwa na taarifa hii mngetushirikisha mapema. Mzee Muhsini amechinja fursa mbili Idi iliyopita bila kujua.

Aidha mmeandika kuhusu utalii wa kutazama ndege. Sisi ndege tunawatazama kuanzia alfajiri, kwa manati, wasimalize ulezi. Kama kuna mtu yuko tayari kulipa nauli aje kuwatazama, mashamba yetu yako wazi na kazi ni nyingi.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Mwezi wa nane nilimpata mwekezaji. Anaitwa Bashiru, mtu wa Namtumbo, ana mashine ya kusaga na alikuwa akitafuta mahali pa kuifunga. Tulionana Peramiho, tukanywa chai, akaniambia kwa mdomo wake kwamba anapenda mahali patulivu, penye mto, migomba na watu wakarimu. Nilifurahi sana. Lakini Leonce aliponionyesha ukurasa wenu, nilimwambia aurudishe juu nisome upya. Mto, migomba, utulivu, wakarimu. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nikajua Bashiru ameshawasoma, na kwamba sisi alikuwa akitupima tu huku moyo uko Indonesia.

4. Hata hivyo hatukukata tamaa. Bashiru alituma ujumbe kuwa atakuja Alhamisi kukagua. Huku kwetu mgeni mzito hapokelewi kwa maji ya kunywa. Mama Walburga, ambaye kwa kupika ugimbi, pombe yetu ya ulezi, hana mpinzani, aliloweka ulezi wiki nzima kabla, na Alhamisi asubuhi mitungi mitano ilikuwa imeiva sawasawa. Kamati ya mapokezi ilikuwa na watu kumi na wawili. Kwaya ilikuwa na wimbo wenye jina la Bashiru, nao ulikuwa na beti saba.

Alhamisi saa nne, Bashiru hayupo. Saa saba, hayupo, na simu yake haipatikani. Nikajua yuko ndani ya ndege. Sasa sijui kwenu, lakini ugimbi ulioivia Alhamisi ni wa Alhamisi, ukiulaza unakuwa kitu kingine. Nikaagiza mtungi mmoja utengwe kwa ajili ya mgeni na minne inywewe kwa niaba yake. Jioni ikatubidi kuchagua watu wanne wa kuonja ule uliotengwa, kuhakikisha bado unamfaa. Waliona unamfaa. Tukarudia kuhakikisha.

Bashiru alifika Ijumaa saa tatu asubuhi. Kumbe gari lilimharibikia njiani. Alikuta kamati yote imelala kwenye ofisi ya kitongoji, mimi nikiwa mezani, kwaya imekauka sauti, na Mama Walburga amekasirika na hasemi na mtu. Ekaristia hakuwepo. Unga ulikuwa umetumika wote kuilisha kamati, ikambidi aende mashineni siku moja mapema. Bashiru alizunguka kidogo, akauliza njia, hakujibiwa, akaondoka. Wimbo hakuusikia hata ubeti mmoja.

Hasara hii yote naiweka juu yenu. Msingeandika ukurasa ule, nisingekuwa na wasiwasi. Nisingekuwa na wasiwasi, nisingeagiza mitungi mitano. Mitatu ingetosha.

5. Mmesema pia mnalala mapema. Sisi tulianza zamani.

Baada ya kikao cha kamati tunaomba, kwa heshima kubwa, mtekeleze mojawapo ya haya:

(a) Mfunge ukurasa wenu hadi Krismasi, kisha mnaweza kuendelea.

(b) Kama hilo ni gumu, tugawane wawekezaji. Wa nyati na wa ndege wabaki kwenu. Wa mashine za kusaga waje kwetu.

(c) Kama Bashiru bado yuko huko, mwambieni arudi. Tutampokea kwa chai. Mama Walburga ameshakubali, isipokuwa lile la kusema na mimi.

(d) Kama yote yanashindikana na mashine mnayo, mniandalie nafasi ya mtu mmoja, mwanamke wa makamo, mchapakazi, anayependa mahali palipo karibu na mashine. Nafasi ya pili iwe ya mume wake. Mimi kupika sijui, kwa hiyo akihama yeye nami sina la kubaki kulilinda. Leonce atashika uenyekiti, na Sixbert ataendelea kulala.

Nakuandikia haya bila kinyongo. Ni mtu mzima anayemwandikia mtu mzima, na nikisema ukweli, Krismasi imekaribia na naogopa.

Nisalimie kamati yako, bwana shamba wako na nyati. Wazee wote wa huko wape shikamoo yangu. Mzee Muhsini ameona msikiti wenu kwenye picha, kaupenda, anamsalimu imamu na waumini kwa asalaam aleikum. Watoto wa shule wanauliza kama kwenu nako kuna viazi.

Wako katika ujenzi wa vitongoji,

Pankrasi Luoga
Mwenyekiti, Linyoha

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua. Leonce amekuja na kuniambia, akiwa ameangalia chini, kwamba ukurasa wenu umetazamwa mara kumi na moja tangu uandikwe, na tisa kati ya hizo ni mimi. Bashiru naye amepatikana kwenye simu. Ameshaifunga mashine yake kule kule Namtumbo, jirani na kwa mama yake, na Indonesia hajawahi hata kuitafuta.

Kisha Ekaristia amerudi na unga, akaisoma barua hii yote akiwa amesimama, hata mzigo hajautua vizuri. Hakucheka mahali popote. Ameniambia kuwa baada ya Pasaka hakutaja mwekezaji. Alisema amechoka kubeba peke yake, na kwamba kila Jumamosi, anaposikia kengele nyuma yake, husogea pembeni akidhani safari hii baiskeli itasimama.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi tano yamefutwa, na ombi (d) msilishughulikie. Ukurasa wenu uacheni. Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa stempu imeshabandikwa na Jumamosi ijayo nitapita Peramiho baada ya kutoka mashineni, na debe nyuma ya baiskeli. Chumvi inakaa kwenye kopo la majani ya chai.