Dume Lenye Kiwele

Leo nimechekwa na safu nzima ya akina mama wauza maziwa wa Garsen. Nimechekwa mpaka mmoja akamwaga maziwa yake. Sijaamua kama nitatoka mji huu leo au kesho.

Mnanijua. Miaka zaidi ya ishirini nimezunguka: Mtwapa nimepaka nyumba rangi, Voi nimelinda ghala, Malindi nimeuza mitumba, Madogo nimepakia mbuzi kwenye malori. (Mama yangu husema mimi nilizaliwa nikiwa nimeshafunga mzigo.) Lakini popote nilipotandika mkeka, nilimkumbuka Adi.

Adi alikuwa dume la ng'ombe. Jina ni la Kiorma, maana yake mweupe, na kweli alikuwa mweupe pepepe. Mwenyewe alikuwa mfugaji, mume wa Mama Dado (mmoja wa akina mama hao wa maziwa), na rafiki mkubwa wa baba yangu, mkulima wa kijiji cha Hewani. Sisi tuliwapa mahindi na ndizi, wao wakatuletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Ile harufu! Nimekunywa maziwa ya paketi katika kila mji niliolala, na sijawahi kuipata tena.

Nilipokuwa na miaka tisa, mto ulifurika nikiwa ng'ambo, nimekwenda kuchunga nao. Mume wa Mama Dado akanipeleka nyuma ya Adi, akaniambia, "Shika mkia. Usiachie hata mamba akikuita kwa jina." Nikashika. Adi akaogelea nami mpaka shambani kwetu, akapanda ukingo, akaanza kula mahindi ya baba. Baba hakumfukuza. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona baba akilia.

Basi nikaandika hayo. Kitabu cha watoto, kurasa ishirini na nne, picha za rangi. Wachapishaji niliowaandikia hawakujibu, nikajichapishia mwenyewe: nakala mia moja na hamsini za karatasi, na toleo la kusomea kwenye simu. Walimu wawili walinisahihishia Kiswahili, koma kwa koma. Picha alichora kijana mmoja wa bara ambaye hatujawahi kuonana. Alikuwa akizituma, nami namjibu, "Safi sana!" (Kioo cha simu yangu kimepasuka katikati, na ufa unapita palepale penye tumbo la ng'ombe. Lakini nani alijua?)

Katoni zilifika jana na basi la Mombasa. Sikuuza hata nakala moja, na kwa furaha hata picha sikuzikagua. Mume wa Mama Dado alishafariki, Adi naye alikwenda na ukame. Wanaomkumbuka dume yule tumebaki wawili, Mama Dado na mimi. Niliapa kwamba kitabu hakiendi popote mpaka Mama Dado akitazame na kusema, "Ndiye."

Kwa hiyo saa tatu asubuhi nilikuwa sokoni, mbele ya mtungi wake wa maziwa, shati limepigwa pasi. Nilikuwa hata nimempa miadi mwalimu mkuu wa shule moja ya hapa, tumwite Madamu, aje saa nne akione kitabu kwa ajili ya maktaba yake. (Kiburi hicho.)

Mama Dado hajui kusoma. Nilikuwa nimejiandaa kumsomea. Hakunipa nafasi. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifuta kwa leso ingawa hakikuwa na vumbi, akaanza kuipapasa picha ya jalada.

"Nundu ni yake," akasema.

Nikasogea karibu zaidi.

"Pembe ni yake."

Machozi hayo, yakanilengalenga! Kidole chake kikashuka taratibu, kikapita mbavuni, kikafika tumboni. Kikasimama.

"Buya."

"Naam, Mama."

"Hii dume inakamuliwa na nani?"

Habona, jirani yake wa biashara, akachungulia. "Wallahi iko na kiwele! Moja, mbili, tatu, nne. Chuchu zote ziko!"

"Lete tuone!"

"Ingekuwa yangu ningeuza maziwa mpaka Malindi!"

Wakanyang'anyana nakala. Kila ukurasa, kiwele. Katika ukurasa ninaposhika mkia, kiwele kilikuwa kikubwa kuliko kichwa changu. Nikampigia mchoraji, simu ikiwa kwenye spika. (Kosa jingine.)

"Lakini mzee," akasema kijana wa watu, "ng'ombe si ni ng'ombe? Hapa kwetu wote wako hivyo."

Hapo ndipo maziwa yalipomwagika. Kijana akaahidi kwamba toleo la simu atalirekebisha kabla ya mchana. "Za karatasi sasa," akasema, "pole."

Aliyekuwa hacheki ni Mama Dado. Alifunga kitabu, akanirudishia.

"Mzee wangu alikuwa akiamka anaangalia hii dume kwanza, halafu ndiyo ananiangalia mimi. Leo watoto wasome ati Adi alikuwa mama? Sichukui."

Jamani, miaka yote hiyo nimefukuzwa kazi, nimefungiwa nyumba, nimeachwa na basi. Hakuna kilichoniuma kama "sichukui" ile.

Nikakimbilia duka la vifaa vya shule, nikarudi na wino mweupe wa kufutia na kalamu nyeusi. Nikachuchumaa, nikapaka tumbo la jalada. Ng'ombe mweupe, wino mweupe: kiwele kikatoweka. Nikampa kwa fahari.

Akakitazama kwa mbali. "Sasa umemhasi."

"Mama?"

"Kiwele hakuna, na kitu ingine hakuna. Hiyo ni maksai. Adi alihasiwa lini?"

"Mama, mimi... mbele yenu nyinyi wazazi wangu..."

"Kuandika uliweza. Chora."

Nikachora.

"Hizo ni pilipili," akasema Habona.

Nikaongeza.

"Adi si mbuzi, bwana! Ongeza!"

"Chini kidogo! Zining'inie!"

Nikazama kazini, ulimi nje, jasho likidondoka. Ghafla kukawa kimya. Nikadhani hatimaye wamependezwa na ufundi wangu. Nikainua macho. Viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Sketi. Mkoba. Madamu.

"Wewe ndiye mwandishi wa watoto?"

Ncha ya kalamu ilikuwa bado iko palepale.

"Madamu, nilikuwa... namrudishia haki yake."

Habona akaona anisaidie. "Alikuwa amemkata, Madamu. Sasa anamrudishia."

Madamu aliitazama kazi yangu kwa muda mrefu, midomo ameibana. Kisha akasema polepole, "Nitachukua ile ya kwenye simu. Mwambie mchoraji mafuriko yafike tumboni." Akageuka akaenda zake. Mabega yalikuwa yakimtetemeka mpaka alipopotea kwenye kona.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Mama Dado alikuwa ameshakichukua kitabu. Akakiinamisha, akakiinua. Kisha akapiga ulimi mara mbili, taratibu, kama mumewe alivyokuwa akimwita Adi atoke majini.

"Ndiye," akasema. "Haya, nisomee."

Nikasoma. Nilipofika penye mkia sauti iliniisha, akaniambia nimeze mate niendelee.

Sasa niko chumbani kwenye nyumba ya wageni na kalamu yangu, maana amenikataza kuuza nakala yoyote ambayo Adi wake hajakamilika. Nimemaliza thelathini na nane. Mhudumu aliingia na chai, akaona ninachochora, akatoka bila kuuliza habari ya sukari.

Nawasihi msicheke. Ndani ya katoni bado nina madume mia moja na kumi na mawili, na yote yananyonyesha.