Chatu wa Mzee Donatus na Safari Yangu ya Mongolia

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Kharumwa

Leo nimewafundisha Kiingereza watoto wa Mongolia kwa kompyuta. Mambo safi! Mkurugenzi wa kituo chao atamwita mwalimu mmoja akafundishe huko mwaka mzima. Tuko wawili tu: mimi Cornel, na Justa. Justa! Mtu anayeandaa somo siku tatu kabla! Nafasi ni yangu. Koti zito nimeshanunua mnadani. Nimelijaribu mchana huu, jasho hadi kwenye soksi.

Watoto wamenionyesha theluji dirishani. Baridi ya kugandisha maji, nao wanacheka! Nikawaonyesha vumbi letu. Hawakushtuka. Wakauliza simba yuko wapi. Nikasema hupita hapa kila asubuhi, leo amechelewa.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua imenyesha. Justa kawaonyesha kumbikumbi wakitoka ardhini, kisha kawakaanga na kuwala mbele ya kamera. Makofi hadi kipindi kikaisha. Kumbikumbi, jamani! Kaniletea sahani. Nimeimaliza yote, lakini kwa hasira.

Alhamisi, 7 Novemba

Dawa ya Justa nimeipata. Nimekwenda kwa Mzee Donatus, mcheza ngoma za nyoka. Nimetoa shikamoo mara tatu, nikapata marahaba moja. Nimemwomba aniazime chatu wake kwa nusu saa. Kakubali kwa sharti moja: asitolewe guniani bila ngoma kupigwa. Akisikia ngoma anajua ni kazi. Bila ngoma anadhani kaitiwa chakula. Nikasema nimeelewa, baba.

Ngoma kwenye somo la Kiingereza? Kelele zile! Mimi ni msomi, bwana.

Ijumaa, 8 Novemba

Yesu na Maria! Nimefungua gunia uani, kamera iko tayari. Chatu hakuniangalia hata kidogo. Alimwangalia jogoo wa Mama Kudra, mwenye nyumba wangu. Nikapiga ndoo badala ya ngoma. Wapi! Jogoo alishabaki miguu tu.

Mama Kudra katoka na mwiko, kanitukana kwa Kisukuma maneno ambayo sithubutu kuyaandika. Watoto wakayarudia yote, darasa zima, kwa matamshi mazuri ajabu. Siku zote Kiingereza changu hawakukishika hivyo. Na mkurugenzi alikuwa amekaa nyuma yao!

Nimelitia koti chini ya kitanda. Roho inaniuma. Niliitaka kweli safari ile.

Jumatatu, 11 Novemba

Mkurugenzi kapiga simu. Kasema watoto hawajawahi kupenda somo kama la jogoo. Nikaruka! Kasema mimi ni hazina. Nikaruka tena. Ndiyo maana, akasema, lazima nibaki Kharumwa waliko wanyama. Anayekwenda ni Justa.

Justa kaja kuazima koti. Nimemnyima. Nikamwambia nitalihitaji mwenyewe, bila kujua kwa nini nasema hivyo. Hapo hapo wazo likanijia!

Nimemwandikia mkurugenzi kwamba chatu yule amenizoea mno, hali kitu asiponiona. Kwa hiyo aalikwe yeye, mimi nimsindikize. Nimeomba tiketi mbili. Mzee Donatus nitamwambia tukishafika.

Ngoma tutaiacha. Mzigo utakuwa mzito bure.