Sheria ya Unga ya Al Mansoura

Jumatano, 3 Septemba

Hasara! Leo nimeuza pakiti moja tu ya unga wa mahindi, na hiyo moja jirani yangu Mutai kaichukua kwa ahadi. Zimebaki themanini chini ya kitanda changu. Kitanda kimeinuka mpaka nikilala naona vizuri buibui wa darini. Akiba yangu yote imo humo, na karo ya Bella ya muhula wa tatu imo humo. Mwisho wa mwezi ziwe zimekwisha, la sivyo binti yangu atarudishwa nyumbani na mkoba mgongoni.

Mwenye kosa namjua. Sista Wairimu, muuguzi, anakaa jengo la pili la hapa kwetu Al Mansoura, Doha. Ana mshahara mnono. Ana bima. Ana viatu vyeupe vya kazini anavyopewa bure. Bado kaamua kuuza unga! Mimi nauza riyali kumi na nne, yeye kumi na moja. Nilimuuliza anapata faida gani hapo. Akasema ndogo inamtosha, anataka tu watu wale. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa uchumi.

Jioni nilikuwa nawaendesha wanafunzi kwa basi dogo la kampuni. Mmoja wao, Tiffany, alikuwa akisoma kazi yake ya chuo kwa sauti: sheria za koloni moja la visiwani, miaka mia mbili iliyopita. Ushuru, leseni, msaada kwa maskini. Nilikuwa nasikiliza nusunusu. Halafu nikasikia kwamba waliotunga ushuru wa bidhaa za nje ndio hao hao waliokuwa na maduka. Walikaa, wakanyoosha mikono, wakapitisha, wakaenda kula. Karibu nipite taa nyekundu! Nilimwomba anitumie kurasa zote. Akaniuliza kama nasomea sheria. Nikamwambia bado.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimesoma. Wale wazee walikuwa na akili. Kila sheria yao inaanza na "Kwa kuwa". Kwa kuwa hiki, kwa kuwa kile, na ukifika mwisho umeshakubali kulipa.

Umoja wetu wa Wakenya na Waganda wa majengo haya mawili hukutana Ijumaa baada ya ibada ya kanisani Mesaimeer, sebuleni kwa Mutai. Mutai ni mlinzi wa hoteli, na ndiye mwenyekiti, kwa sababu sebule ni yake. Tangu tuanze tuna sheria moja tu: kila mtu aje na kiti chake. Aibu.

Nimeandika Sheria ya Unga. Kila pakiti itakayoingia majengo yetu kuanzia siku ya kupitishwa italipiwa ushuru wa riyali tano. Zangu themanini zimeshaingia. Wairimu hana stoo, yeye huleta chache kila wiki. Kumi na moja na tano ni kumi na sita. Nitauza kumi na tano niitwe mwema.

Nimeongeza na mfuko wa msaada wa maskini, utakaojazwa na ushuru huo na michango ya wanachama ya kila Ijumaa. Mutai aliuliza maskini wanatoka wapi katika jambo la unga. Nikamweleza kwamba ushuru mtupu unanuka. Ukiuweka pamoja na maskini unanukia. Ila nimewawekea masharti, yale yale ya wale wazee na machache ya kwangu. Awe amekaa katika majengo haya miaka mitatu. Awe na wadhamini wawili. Asiwe na simu ya kugusa. Athibitishwe kuwa na tabia njema. Avae herufi M, ya maskini, kwenye mkono wa shati. Afanye kazi ya manufaa. Nimepiga hesabu: hakuna mtu Doha nzima atakayetimiza yote sita.

Ijumaa, 5 Septemba

Imepita! Siri ni pilau. Nilikubaliana na wapishi isipakuliwe mpaka kura ipigwe. Harufu ilikuwa inatoka jikoni, mimi nasoma kipengele baada ya kipengele, taratibu. Kufikia cha sita watu walikuwa wananyoosha mikono kabla sijamaliza sentensi.

Wairimu peke yake ndiye aliyeleta maneno. Aliuliza kama na mimi nitalipa. Nikasema kila atakayeingiza unga atalipa, hata awe nani. Akaomba hilo liandikwe. Likaandikwa. Kisha akauliza zilizoingia tayari ni ngapi, ili zijulikane. Hapo nikapata wazo zuri kuliko yote ya mwaka huu. Nikasema mia moja na ishirini.

Ina maana nina pakiti arobaini ambazo hazijazaliwa, na siku zitakapozaliwa zitaingia bila ushuru. Wale wazee wangenipa kiti.

Wairimu akasema basi Ijumaa ijayo zihesabiwe. Nikasema karibu. Nilikula pilau sahani mbili.

Jumapili, 7 Septemba

Nimehamisha unga. Pakiti chini ya kitanda zinahesabika hata na mtoto. Nimezipandisha paani, kwenye kibanda cha bati nyuma ya matangi ya maji, nikazifunika blanketi mbili na turubai. Palivyobanana vile, hata mkaguzi mwenye moyo ataishia mlangoni. Ilinichukua safari nyingi na shati limelowa kama nimetoka kuogelea. Mutai alisema huko juu kuna joto la tanuri na unyevu wa bafu. Nikamwambia unga hauna ngozi.

Biashara imechangamka. Tisa zimetoka kwa kumi na tano.

Jioni alikuja Loice, yule Mganda aliyekuwa msafishaji wa hoteli. Mkataba wake umekwisha, kazi mpya inaanza mwezi ujao. Alikuja kuomba msaada wa maskini. Wa kwanza! Nilimkaribisha kwa heshima na kumsomea masharti. Amekaa hapa mwaka mmoja. Ana simu ya kugusa, ndiyo anayoitiwa kazi. Nikamweleza kwamba kwa bahati mbaya yeye si maskini. Akanitazama. Akasema, "Kale, ssebo," yaani haya bwana kwa Kiganda, kama mtu anayekubali, akaenda zake. Mtu mstaarabu.

Mfuko haujaguswa. Ni mfuko wenye afya njema.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya. Naandika kifupi.

Ukaguzi ulifika. Mutai na tochi yake ya kazini, Wairimu na glavu zake za kazini, na watu wanane wasiohusika. Nilisema kibanda ni hatari, kuna nyaya. Wairimu akasema amewahi kumzalisha mtu ndani ya lifti, hatashindwa na kibanda. Akavuta turubai.

Unga ulikuwa unatembea.

Fukusi! Weusi, wanene, wengi. Walikuwa wanatoka pakiti hii wanaingia ile kama watu wanaotembeleana sikukuu. Siku tano tu za joto na blanketi. Wairimu alitikisa kichwa na kusema, "Baba Bella, huu hata kuku hali." Akaamuru zote zitupwe.

Lakini kwanza zihesabiwe, alisema. Zikahesabiwa. Sabini na moja. Mia na ishirini toa tisa zilizouzwa ni mia na kumi na moja. Akauliza arobaini ziko wapi. Nitajibu nini? Kwamba hazijawahi kuwako? Mutai akafungua Sheria, kipengele cha saba: pakiti itakayopotea bila maelezo, muuzaji atatozwa faini ya riyali mbili. Themanini. Kipengele hicho nilikiandika kwa ajili ya Wairimu.

Loice alinisaidia kushusha mifuko ya taka. Akanitakia usiku mwema. Ningependelea anitukane.

Bella alipiga simu kuuliza karo. Nikamwambia iko njiani.

Jumatatu, 15 Septemba

Mfanyabiashara haangukii pua mara mbili. Leo nimekopa pakiti kumi kwa mwenye duka mmoja pale Al Sadd, riyali kumi kila moja, nilipe Jumatano. Mlangoni nikamkuta Mutai amekaa kwenye kiti cha plastiki na kitabu cha risiti. Ushuru, alisema. Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikatoa hamsini zangu za mwisho, akaniandikia risiti kwa mwandiko mzuri na kunishukuru kwa kuwa raia mwema.

Zikawa zimenigharimu kumi na tano kila moja. Nikaziweka bei ya kumi na sita. Haikuuzwa hata moja.

Sababu niliiona saa moja jioni. Loice amehamia ng'ambo ya barabara, chumba cha bei nafuu. Wairimu anapeleka unga wake huko, Loice anausonga, na ugali unavuka barabara ukiwa wa moto kwenye sinia, na mboga ya sukuma wiki pembeni. Riyali nne sahani. Foleni ilifika kwenye lifti! Nilisimama mlangoni nikapiga kelele kwamba ushuru haujalipwa. Wairimu akaniambia sheria inasema pakiti ya unga, nimwonyeshe pakiti. Nikatafuta katika vipengele vyote kumi na viwili. Hakuna ugali. Watu wakacheka. Mmoja akaniita mheshimiwa.

Loice alinipa sahani bure. Nilikataa. Kisha nikaichukua.

Jumatano, 17 Septemba

Mwenye duka kachukua unga wake. Nilimwomba Mutai anirudishie hamsini za ushuru, maana unga umerudi ulikotoka. Kipengele cha nne: ushuru ukishalipwa haurudi. Nilikiandika kwa kalamu nyekundu, nakumbuka.

Mshahara ni tarehe thelathini. Faini bado nadaiwa. Jikoni kwangu kuna chumvi na majani ya chai. Mutai alijikuna shingo, akasema kuna mfuko wa maskini, na haujaguswa tangu uanze. Nikamwambia asinitukane. Saa mbili baadaye nikamuuliza wanakutana lini.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefika mbele ya kamati yangu mwenyewe. Mutai, Wairimu, na Loice, aliyechaguliwa Mtunza Maskini kwa sababu, walisema, anajua mlango wa msaada unavyofungwa.

Alinisomea masharti. Miaka mitatu? Ninayo minne. Simu ya kugusa? Nikaitoa, akachomoa laini yangu, akanipa kabambe, simu ndogo ya vitufe, na kuitia ndani yake. Wadhamini? Nilihesabu vigae vya sakafu. Wairimu akanyoosha mkono. Halafu Loice akanyoosha wake. Tabia njema? Nikahesabu vigae upya. Mutai akasema ninaegesha basi vizuri. Ikakubaliwa.

Loice alipendekeza herufi M iachwe, kwamba haina maana na inadhalilisha. Nilipinga! Huwezi kutunga sheria Ijumaa moja na kuivunja nyingine. Kile ndicho kipengele bora kuliko vyote. Wakanisihi. Nilikataa katakata. Nimeishona mwenyewe, uzi mwekundu, na imenyooka kuliko bendera ya ofisini.

Nimepewa pakiti moja ya unga kwa wiki. Faini imefutwa. Kazi ya manufaa: kuosha sufuria za Ijumaa. Nilipokuwa naondoka Loice akasema kuna jambo limebaki. Akaomba mfuko ulipe nusu ya karo ya Bella sasa, na nusu mwisho wa mwezi kama zitapatikana. Wote wakakubali bila hata kuuliza. Niliangalia dirishani. Kulikuwa na vumbi nje, macho yakawasha.

Unaona? Utaratibu wangu unafanya kazi.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepata usingizi mbaya na hesabu nzuri. Ushuru na michango vinaingia kila wiki. Vinakwenda kwa nani? Kwa maskini. Maskini wako wangapi? Mmoja. Mmoja ndiye mimi!

Nilikuwa nimekaa upande usiofaa wa sheria muda wote huu.

Nimeandika marekebisho. Kwa kuwa mfuko ni wa maskini, na kwa kuwa si haki ulale bure, basi kila mwisho wa mwezi ugawanywe wote, sawa kwa sawa, kwa kila mwenye herufi M. Mfuko una mia tatu na sitini, na ukigawanya kwa mmoja unapata mia tatu na sitini. Nusu ya karo iliyobaki inatoka hapo, na kinachobaki kinarudisha biashara. Nimempelekea Mutai. Amesoma mara mbili. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia asiingilie maskini.

Ijumaa, 26 Septemba

Marekebisho yamepita bila hata pilau. Ningepaswa kushtuka.

Mutai akasema wenye herufi M wasimame wahesabiwe. Nikasimama. Nyuma yangu nikasikia viti vinasogea. Kumi na saba! Wengine wamechora kwa kalamu ya wino, mmoja kabandika plasta. Bradley, anayeendesha gari la bosi lenye viti vya ngozi, kashona mbili, mikono yote. Nikauliza wadhamini wao ni nani. Wamedhaminiana. Simu ziko wapi? Wamewaachia wake zao. Tabia njema? Wote wanaegesha vizuri.

Mutai mwenyewe alikuwa na M, kwenye sare ya ulinzi.

Mia tatu na sitini kwa kumi na wanane ni ishirini. Wairimu alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Baba Bella, sheria zako zitatuua." Kisha akazunguka na bakuli, Loice akifuata nyuma, na wale maskini wote wakarudisha ishirini zao humo, wengine na zaidi. Nusu ya pili ya karo ya Bella. Imetumwa leo, mbele yangu. Walikuwa wamepanga, kumbe. Kilichowauma ni mimi kuutaka mfuko wote, wakataka tu nione inavyokuwa kila mtu akifanya hivyo.

Nilisema asante. Nikaosha sufuria zote, na ile ya pilau iliyoungua.

Jumamosi, 27 Septemba

Bella anabaki shuleni. Kapiga simu, kafurahi, kasema niwashukuru watu wangu. Watu wema sana. Nimelala nikiwafikiria.

Wema, lakini bila mpangilio. Watu kumi na saba wamejifanya maskini mbele ya kadamnasi na hakuna hata mmoja aliyelipia chochote! Nchi gani inaendeshwa hivyo?

Nimechukua kalamu. Kwa kuwa maskini wamezidi, na kwa kuwa wengi wao hawana sifa, basi hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa maskini bila leseni. Riyali tano kwa mwaka, kulipwa mapema. Kumi na wanane mara tano ni tisini, nusu yake ni ya Msajili wa Leseni. Nimejiandika Msajili.

Tano zangu mwenyewe nitamkopa Wairimu.