Masikio ya Mpiga Ngoma

Jumapili, 2 Machi

Nimeamka na filimbi sikioni. Si mara ya kwanza. Kila nikipiga ngoma ukumbini Jumamosi, Jumapili nzima birika linachemka kichwani na chai hakuna. Mke wangu anasema ni onyo. Mimi nasema ni uchovu.

Jana aibu kidogo. Wimbo wa mwisho uliisha, bendi nzima ikanyamaza, mimi nikaendelea. Sikusikia ishara. Nilipoinua macho watu walikuwa wameshakaa, na mhudumu mmoja alikuwa anafuta meza kwa mwendo wa ngoma yangu. Kiongozi wa bendi alinivuta pembeni. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba nikapime masikio kabla sijapanda tena jukwaani. La sivyo atatafuta mpiga ngoma anayejua kwamba wimbo umekwisha.

Huu ni mkono wa Shaba, sina shaka. Shaba ni mpiga tarumbeta wetu. Anasimama mbele yangu, karibu kabisa na matoazi. Tangu aingie kwenye bendi, kila wimbo ukiisha anageuka, ananiinamia, ananiambia neno moja: punda. Bila kosa lolote. Sijawahi kumjibu kwa mdomo. Namjibu kwa kazi. Akiniita punda wimbo wa kwanza, wa pili napiga kwa nguvu zaidi. Akirudia, naongeza. Mwisho mikono inawaka moto, lakini heshima iko palepale.

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi. Nimeruhusiwa kukaa kwenye kiti, si kwenye ngoma. Nimetikisa kayamba kama mgeni.

Shaba kaja na kikopo kidogo, mfano wa kile cha kuwekea pete. Kakifungua polepole, akijua wote tunatazama. Ndani vizibo viwili vya masikio, rangi ya samawati, vimepindapinda kama konokono. Akaeleza kwamba havinunuliwi dukani hivihivi. Vimefinyangwa kwa umbo la masikio yake yeye, haviwezi kumkaa mtu mwingine duniani. Katengenezewa na mtaalamu wa masikio, yule mama wa kliniki iliyo nyuma ya soko. Kiongozi akavishika kama anashika yai. Mwimbaji wetu akasema vinapendeza.

Nikasema masikio ya mpiga ngoma halisi ni ya chuma, hayahitaji nguo za ndani. Hakuna aliyecheka. Au walicheka sikusikia.

Kiongozi akanikumbusha kwamba mtaalamu ni huyohuyo, na kwamba niende. Niende kwa mtaalamu wa Shaba? Nipange foleni nyuma ya Shaba? Bora niwe kiziwi.

Baadaye: si bora. Lakini njia nyingine ipo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa meno ya bandia. Kutwa nzima anachukua kalibu za vinywa vya watu. Kinywa ni tundu. Sikio ni tundu. Kazi ni ileile.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda karakanani kwa shemeji. Meno kila mahali, yananicheka kutoka rafuni. Alisita mwanzoni. Alisema hajawahi kufanya sikio. Nikamwambia hata mtu wa kwanza kutengeneza meno alikuwa hajawahi. Hoja hiyo ilimshinda.

Akakoroga ule ujiuji wake wa waridi, unaonukia mnanaa, akanilaza ubavu na kunimiminia sikio la kushoto. Baridi tamu. Kisha kimya. Kimya kizuri ajabu, kama kuingiza kichwa ndani ya mto wa manyoya. Nikamwinulia shemeji kidole gumba. Nikaanza kupanga maisha. Tutawatengenezea wanamuziki wote. Shemeji kalibu, mimi matangazo. Shaba atakuja kuomba, nami nitamwambia asubiri.

Ujiuji ukakauka. Shemeji akavuta. Haukutoka. Akavuta tena huku kaweka goti begani kwangu. Kumbe sikio lina kona ndani, si kama kinywa, na ujiuji ulikuwa umeshapita kona na kujishikiza huko. Shemeji akapaka mafuta. Akapuliza. Akanitaka niruke kwa mguu mmoja. Mwisho akakaa kitini na kusema jambo refu upande wa sikio lililoziba, kwa hiyo silijui.

Nimerudi nyumbani nimevaa kofia. Mke wangu alikuwa anashona. Kasema kitu, nikaitikia kwa kichwa. Kasema kingine, nikaitikia. Akasimamisha cherehani. Akanivua kofia.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Mke wangu kanisindikiza, au kanipeleka, sijui neno sahihi.

Mtaalamu ni mama wa makamo, hana haraka. Alichungulia sikio langu kwa tochi yake, akauliza hicho ni nini. Mke wangu akajibu, "Ni kaka yangu." Wakaelewana hapohapo kama watu waliosoma pamoja.

Kazi ilichukua muda na koleo dogo. Kilipotoka alikiinua kwenye mwanga. Ana chupa anayowekea vitu alivyotoa kwenye masikio ya watu: maharage, shanga, kipande cha ufutio, jino la kitana. Changu ni kikubwa kuliko vyote. Imebidi abadilishe chupa. Sikumwambia mke wangu, lakini nilijisikia vizuri.

Kisha akasema kwa kuwa nimeshafika, anipime. Kanifungia ndani ya chumba kidogo chenye dirisha la kioo, kanivisha spika za masikioni, kanipa kitufe. Nikisikia mlio, hata mwembamba vipi, nibonyeze. Mtihani huu nimeufaulu kwa akili. Niligundua kwamba kila akipiga mlio, bega lake la kulia linainuka kidogo. Nikaacha kusikiliza, nikatazama bega. Bega juu, nabonyeza. Bega juu, nabonyeza.

Akatoka na karatasi. Akasema hajawahi kuona masikio kama yangu. Nikaanza kushukuru. Akaendelea kwamba nimesikia hata alipokuwa ananyanyua kikombe cha chai.

Akanigeuza, nikaangalia ukuta. Tukaanza upya.

Mara hii nilikaa sana bila kubonyeza. Najua sauti zilikuwepo. Niliisikia ile filimbi yangu tu. Alipomaliza alikaa mbele yangu, si nyuma ya meza, akaongea taratibu nimwone midomo. Sauti nene nazisikia sawasawa. Nyembamba zimeanza kuniaga. Ndege. Kengele ya baiskeli. Zile herufi zinazotoka kwenye meno. Nusu ya kila neno ninaisikia, nusu naijaza mwenyewe. Nikauliza zitarudi lini. Akasema, "Zilizokwenda zimekwenda, baba. Tunalinda zilizobaki."

Mke wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema naomba vizibo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kuchukuliwa kalibu. Nimejifunza kosa la shemeji: kwanza unatangulizwa mpira mdogo wa pamba wenye uzi, ukae pale konani kulinda ngoma ya sikio. Ndipo ujiuji unafuata. Kumbe ndani ya sikio nako kuna ngoma. Nimefurahi kuambiwa. Mpiga ngoma na ngoma zake zote.

Akaeleza kwamba vizibo hivi si ukuta, ni pazia. Pamba inaua sauti na kubakiza mvumo tu. Hivi vina kichujio, vinashusha kila sauti kwa kipimo kilekile, muziki unabaki muziki. Akauliza kama nikipiga ngoma huwa nafungua mdomo, maana taya likishuka tundu la sikio linabadilika umbo, na kalibu lazima ijue hilo.

Nikasema hapana. Napiga nimefunga mdomo, kistaarabu.

Mke wangu akasema kwamba huwa naachama kama mtu anayesubiri kulishwa. Nikasema huko ni kunichafulia jina. Mtaalamu akatutazama wote wawili, akauliza mara ya pili. Nikashikilia. Mwanamume na neno lake. Kalibu ikachukuliwa mdomo umefungwa.

Nimechagua rangi nyekundu. Inaonekana kwa mbali kuliko samawati.

Jumanne, 18 Machi

Vimefika! Vimenikaa kama vimezaliwa humo. Nimetembea sokoni navyo, na kila mtu nilimwona mpole.

Nilipovivua, mke wangu alinikumbusha kuhusu jiko. Jiko gani? Kumbe ile siku ya kofia nilikubali kwa kichwa kupaka jiko rangi ya waridi, na mara ya pili nikakubali kwamba nitalipaka mwenyewe. Ndoo imeshanunuliwa. Nimepaka ukuta mmoja. Si mbaya. Linafanana na ule ujiuji wa shemeji.

Jumamosi, 22 Machi

Siku kubwa. Kiongozi kaona cheti cha mtaalamu, kanirudisha kwenye ngoma. Niliweka kikopo changu juu ya ngoma kubwa, kimefunguliwa, ili Shaba akione. Alikiona. Akasema hongera, nami nikajua ni unafiki.

Wimbo wa kwanza. Nilipofika kwenye kiitikio nikasikia kizibo cha kulia kinateleza. Kikatoka. Kikadunda juu ya ngoma, kikaruka, kikatua kwenye mkono wa mpiga gitaa. Cha kushoto kikafuata. Mdomo ulikuwa wazi wote. Sitasema zaidi, na nashukuru mke wangu alikuwa amekaa nyuma ya nguzo.

Nikavirudisha. Nikauma meno. Kupiga ngoma umefunga mdomo ni kama kubeba gunia huku umeshika pumzi, lakini vilikaa. Hapo nikasikia jambo ambalo sijui nilieleze vipi. Nikaisikia bendi. Gitaa peke yake, kinanda peke yake. Mwimbaji wetu ana mkwaruzo mdogo sauti ikishuka, kama mtu aliyetoka kulia na sasa anatabasamu. Miaka yote hii nilikuwa napiga juu ya mkwaruzo huo. Nikashusha mkono nimsikie vizuri. Watu wakaanza kucheza kwa utulivu, wakiwa karibu karibu, wengine wamefumba macho.

Wimbo ukaisha. Niliisikia ishara, nikaacha na wenzangu. Shaba akageuka, akaniinamia kama kawaida yake. Nikajikaza. Akasema, "Leo hata sina haja ya kukwambia punguza."

Punguza.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza tangu lini ananiambia punguza. Akasema tangu siku ya kwanza, kila wimbo, na kila akisema mimi naongeza. Akadhani ndivyo nilivyo. Mwisho akashindwa, akaenda kutengenezewa vizibo.

Kwa hiyo vile vya samawati ni kwa ajili yangu.

Akauliza, "Kwani wewe ulikuwa unasikia nini?"

Nikasema pongezi.

Shaba akafikiri, akasema hata hizo leo zinafaa. Akanipa mkono, nikaupokea. Ana mkono mzuri, mkavu, wa mtu mwaminifu. Mapumziko tulikunywa soda pamoja, na aliniambia kwamba yeye naye husikia filimbi kila Jumapili asubuhi. Tumekubaliana kwamba yake ni ya juu kidogo kuliko yangu.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamka bila filimbi. Nililala kitandani nikisikiliza tu. Bomba linadondosha. Mtu anafagia. Mke wangu kaniita kutoka jikoni kwa sauti ya kawaida, nikaitika mara ya kwanza. Alikuja kuchungulia kama ni mimi.

Siku nzuri namna hii haifai kupotezwa. Nimepata wazo. Ukumbini tunafanya mazoezi Jumatatu tu, na mtu anayejifunza kupunguza anahitaji muda zaidi. Nimehamishia ngoma zote sebuleni.

Mke wangu akauliza kuhusu kelele. Swali la haki, na mimi si mtu wa kubisha bila ushahidi. Nikafanya uchunguzi. Nikafunga madirisha, nikavaa vizibo, nikafunga mdomo, nikapiga kwa nguvu zangu zote, na matoazi yote, tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana. Matokeo: hakuna kelele kabisa. Sauti laini, ya kupendeza, kama mvua juu ya paa la mtu mwingine. Jirani alikuja dirishani na kuongea kwa muda mrefu, mikono yote miwili juu. Inaonekana ni mpenzi wa muziki.

Nikaenda kumpa mke wangu majibu. Nilimkuta mlangoni, yeye na shemeji, wamebeba cherehani kila mmoja upande wake. Anaihamishia karakanani kwa kaka yake, atakuwa anashonea huko kati ya meno. Nimefurahi sana. Kona yake ilikuwa inanihangaisha, nilikuwa sijui toazi kubwa nitaliweka wapi.